Vijiti Vinne Chumbani

Aibu yangu ilianzia kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia. Najua mtu akisimulia aibu yake hutafuta mwanzo wenye heshima kidogo: mapenzi, siasa, au walau pombe. Mimi sina. Yangu ilichungulia kutoka kwenye tundu la soksi, ikaona watu wanaitazama, ikanivuta mzima mzima mpaka hapa nilipo.

Na soksi nimewahi kuziuza. Nimeuza soksi, nimeuza vifuniko vya simu, nimepaka rangi mageti ya watu, nimesukuma mkokoteni wa maji mpaka siku uliponiponyoka kwenye mteremko ukaingia dukani kwa mtu kama mteja. Maisha yamenipiga kofi shavu hili na shavu lile, na kila kofi nimelitungia mzaha. Ndiyo maana mtaani kwetu wananiita Redio. Jina zuri. Redio unaisikia tu, huoni imevaa nini.

Basi jiji letu likaamua kuleta intaneti isiyo na waya. Kwenye nguzo za taa za barabarani vikapachikwa visanduku vyeupe, kila kimoja kama kopo la rangi, na tukaambiwa kwamba mtu popote alipo jijini atafungua simu au kompyuta yake na kuukuta mtandao umeshafika, unamsubiri. Hakuna tena kuchimbiwa mtaro mbele ya mlango. Hakuna fundi wa kutoboa ukuta halafu akuachie tundu kubwa kuliko waya wenyewe. Kwa mtaa wetu ilikuwa habari njema, kwa sababu kampuni iliyotuletea intaneti ya waya majumbani ilikuwa imeichimba barabara yetu mara nyingi kiasi kwamba kuku wakiona koleo walikuwa wanajipanga kusubiri minyoo.

Lakini kabla ya kuwaambia watu waachane na waya, jiji lilitaka kujua kama huo mtandao wa nguzo unafika kweli. Wakaajiri wapimaji wa muda, nami nikapata nafasi, pengine kwa sababu katika usaili nilimchekesha mtu aliyekuwa hajacheka tangu Jumatatu.

Mhandisi aliyetufundisha alikuwa mwanamke mrefu wa sauti ya chini, mtu asiyesema jambo mara mbili. Alitugawia simu za kupimia na mafungu ya fomu. Kila nyumba, alisema, ipimwe sehemu tatu: sebuleni, jikoni, na chumba cha nyuma kabisa. Simu itaonyesha vijiti, kuanzia sifuri hadi vitano. Andika idadi kwa kila chumba, mwenye nyumba atie saini. Nyumba yenye chumba cha sifuri au cha kijiti kimoja itapewa kisanduku cha ndani, ambacho hukaa dirishani, kinadaka mtandao wa nguzo na kuusambaza vyumbani. Visanduku hivyo havikuwa vingi, na vingegawiwa kwa kufuata fomu zetu. Halafu akatuaga kwa maneno ambayo tangu hapo nalala nayo na kuamka nayo.

"Mtandao haupimwi barabarani. Unapimwa pale mtu anapokaa."

Nilipangiwa mtaa wetu wenyewe, nyumba themanini na sita, kwa kuwa nafahamika na milango ingenifungukia. Na kweli ilifunguka.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya fundi cherehani. Nikapiga hodi, nikakaribishwa, na mbele yangu nikaona zulia la rangi ya maziwa. Nikavua viatu. Hapo ndipo kidole kilipotoka kusalimia. Fundi cherehani alijifanya hajaona, kama mtu mwenye adabu, lakini binti yake wa darasa la tano alikitazama kwa makini, akaniuliza, "Mjomba, huyo naye ni mpimaji?"

Mzaha ulikuwa mzuri. Hilo ndilo lililoniuma. Mimi ninayewatania watu kutwa kucha sijawahi kutaniwa kwa ustadi namna ile, tena na mtu ambaye bado anabeba kifutio shingoni. Nilicheka kuliko wote. Kisha nikapima vyumba vyote vitatu huku nimekunja vidole, natembea kama mtu aliyekanyaga miiba. Sebuleni vitatu, jikoni viwili, chumba cha nyuma sifuri. Nikaandika nilichokiona. Kumbuka fomu hiyo, maana ndiyo pekee niliyoijaza kwa haki.

Nyumba ya pili nilisimama kizingitini. Nikamwambia mama mwenye nyumba asihangaike, sitaki kumchafulia sakafu, simu hii ina nguvu, inapima nyumba nzima kutoka mlangoni. Akafurahi. Tukapiga soga, akacheka, akasaini. Mlangoni simu ilionyesha vijiti vitano, basi sebuleni nikaandika vitano, jikoni vinne, chumba cha nyuma vinne. Nilikuwa napunguza kidogo kidogo ili uongo ufanane na ukweli. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa hatua sita, kutoka geti hadi kizingiti.

Utaniuliza kwa nini sikununua soksi. Nilinunua. Siku ya nne nilikuwa na soksi mpya, nyeusi, hazina hata uzi uliochomoza. Lakini kazi nilikuwa nimeshaionja ilivyo tamu bila kuifanya. Watu wanachangamka mlangoni, mzaha mmoja, saini moja, nyumba inayofuata. Siku ya sita nikamaliza mtaa, wakati wenzangu walikuwa bado wanahangaika na vyumba vya nyuma, wengine wamezuiwa na mbwa, wengine na wagonjwa waliolala.

Nyumba ya mwisho barabarani ilikuwa ya mama mkwe wangu.

Huyu mama alikuwa mpiga chapa wa mahakama kwa miaka thelathini. Alipostaafu hakustaafu vidole. Ofisi moja ya wanasheria ilikuwa inamtumia sauti zilizorekodiwa kwenye vikao, yeye anavaa vipokea sauti masikioni, anasikiliza na kuandika kila neno, kisha anarudisha kazi kabla ya saa nne asubuhi. Hata anayekohoa anamwandika amekohoa. Kazi hiyo ilikuwa fahari yake. Meza yake ilikaa chumbani kwake, nyuma kabisa, ambako kuna utulivu, katika nyumba ya zamani yenye kuta nene kama za benki na ghala la mabati limeigemea ubavuni.

Alinikaribisha ndani. Nikamwambia, mama, nina haraka, wenye jiji wananisubiri. Naye akaniuliza swali moja, kwa utaratibu, kama anavyouliza kila kitu.

"Mkwe, nikikata waya, huo wa nguzo utanifikia chumbani? Kazi yangu yote iko kule."

Nikasema, "Mama, utakufikia hata ukijifunika blanketi."

Akacheka, akasaini. Vijiti vinne.

Mambo yakaenda kama yalivyopangwa. Ramani ya jiji ikatoka, na mtaa wetu ukawa wa kijani kibichi mwanzo hadi mwisho, isipokuwa kidoa kimoja chekundu kwa fundi cherehani, ambaye kwa hiyo akapewa kisanduku cha ndani. Watu wakasema lazima amemshonea mtu wa jiji mapazia. Mhandisi aliniita mbele ya wapimaji wenzangu akanitaja kuwa mfano wa bidii, nikapewa karatasi ya pongezi yenye mhuri. Mke wangu akaibandika kwenye kabati la vyombo, mahali ambapo mtu akitafuta kikombe lazima anione nimesifiwa.

Majirani wakakata waya, mmoja baada ya mwingine, kwa kuniamini mimi. Kampuni ilipoona mtaa mzima umeihama, ikaja ikakunja nyaya zake nguzo kwa nguzo, kama mtu anayeanua nguo mvua inapokaribia, ikaondoka. Barabara ikabaki na makovu yake. Kuku wakakosa minyoo.

Malalamiko yalianza kidogo kidogo. Kinyozi akaniambia akiwa kitandani mtandao haupati kabisa, mpaka akae sebuleni. Nikamwambia zima uwashe. Mwalimu mstaafu akasema jikoni video zinaganda. Nikamwambia zima uwashe. Nimewaambia watu zima uwashe mpaka nikawa naogopa siku nitakayokutana na mtu amefiwa. Na kila mmoja alikuwa anaondoka akiilaumu simu yake. Hakuna aliyenilaumu mimi. Mimi ni Redio, nimewachekesha mlangoni.

Ilipita miezi miwili. Jumatatu moja asubuhi nikapita nyumba ya mwisho, nikamwona mama mkwe nje ya geti, kando ya barabara. Amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kompyuta iko magotini, mwavuli ameubana kwa bega na shavu, na magari yanapita yanamwachia vumbi. Alikuwa amevaa vizuri kama mtu aliyeko ofisini. Hata bangili alikuwa amevaa.

Nikamwamkia. Akaitikia bila kuondoa macho kwenye kioo cha kompyuta, akaniomba nisubiri, kuna faili linaenda. Nikasimama. Lilipokwenda, akashusha pumzi na kunieleza kwa sauti ya kujitetea, yeye ndiye anajitetea, kwamba siku hizi kompyuta yake imezeeka, chumbani haishiki mtandao hata kidogo, sebuleni inashika na kuachia, basi anakuja kutuma kazi hapa karibu na nguzo. Alijaribu bando la simu, lakini faili za sauti ni nzito, bando linakwisha kabla shahidi wa kwanza hajaapa. Mara mbili alikuwa amechelewa. Ofisi ilikuwa imemwandikia kwamba akichelewa mara ya tatu kazi atapewa mtu mwingine.

"Ni mimi, mkwe," akasema. "Labda kuna mahali sibonyezi sawasawa. Wenzangu wote mtaani mnapata."

Kisha akatoa karatasi kwenye mkoba, akaniomba niipitie, macho yake yana vumbi. Ilikuwa barua ya kuacha kazi, iliyopangwa vizuri, haina kosa hata la nukta. Ilisema kwamba kwa sababu ya umri hana tena uwezo wa kutumia vifaa vya kisasa, na anaomba radhi kwa usumbufu alioisababishia ofisi. Angeituma Ijumaa. Alitaka aondoke mwenyewe kabla hajaondolewa. Akaniomba nisimwambie binti yake kwanza, asije akamhurumia.

Watu husema waliona aibu wakatamani ardhi ipasuke iwameze. Niliitazama ile barabara. Ilikuwa imeshapasuliwa mara nyingi mno, imechoka, haikuwa na nafasi ya mtu kama mimi. Nikamrudishia barua yake nikasema haina kosa. Huo nao ulikuwa uongo, nikauongeza kwenye ule wa fomu themanini na tano.

Usidhani nilikiri siku hiyo. Mtu aliyefundishwa na makofi hujifunza kwanza kukwepa. Jioni nilirudi na mfuniko mkubwa wa sufuria, nikaufunga kwenye dirisha la sebule yake nikitumaini utarudisha mtandao ndani, nikamwambia ni utaalamu mpya. Kilichopatikana ni kwamba jirani alidhani mama anauza vyombo. Asubuhi ya Jumanne nikaenda ofisini kwa mhandisi nikiwa na sura ya mtu anayefuatilia jambo dogo tu. Nikamwomba kisanduku kimoja cha ndani, kwa ajili ya mama mkwe.

Akafungua kabati, akatoa faili la mtaa wetu, akaitafuta fomu, akaisoma. Chumba cha nyuma, vijiti vinne. Akaniuliza nyumba yenye vijiti vinne inataka kisanduku cha nini. Nikamwambia labda mambo yamebadilika. Akaniuliza kama ukuta umeongezwa unene. Nikasema hapana. Akaanza kufunua fomu nyingine, taratibu, moja baada ya nyingine. Tano, nne, nne. Tano, nne, nne. Tano, nne, nne. Nilikuwa nimeandika nyumba themanini na tano kama mtu anayehesabu hatua za gwaride.

"Ulivua viatu katika nyumba ngapi?" akaniuliza.

Sikujua kama alikuwa anajua au alibahatisha. Wapimaji labda wote wana soksi mbovu. Nikamwambia, moja.

Hakunifokea. Ningefokewa ningepata cha kukumbuka kwa hasira. Alinieleza tu utaratibu: fomu haibadilishwi na aliyeijaza, inabadilishwa na aliyeisaini. Kila mwenye nyumba lazima aambiwe kwamba vipimo vya kwanza havikupimwa, apimiwe upya akiwa anaona, na asaini tena. Visanduku vya ndani vilivyobaki vilikuwa ghalani, na Ijumaa saa sita mchana vingepelekwa upande mwingine wa jiji. Akanihesabia fomu themanini na tano mpya, akanisukumia. Na ile simu ya kupimia, akaiweka juu yazo kama jiwe la kuzuia karatasi zisipeperuke.

Usiku ule nilimwambia mke wangu. Alikuwa anaosha vyombo. Hakugeuka mpaka nilipomaliza, halafu akauliza jambo moja tu, kama mama yake anajua. Nilipojibu bado, akajifuta mikono, akaibandua ile karatasi ya pongezi kwenye kabati, polepole, asichubue rangi, akaiweka mezani mbele yangu. Kisha akaendelea na vyombo.

Jumatano saa tatu asubuhi nilikuwa nyumba ya mwisho, ambayo safari hii niliifanya ya kwanza. Mama alikuwa ameshakaa juu ya ndoo yake. Kinyozi alikuwa anafungua duka ng'ambo ya barabara, akanipungia mkono akisubiri nimrushie neno la kuchekesha. Sikuwa nalo. Nikachukua mwavuli kutoka begani kwa mama mkwe, nikamshikia.

"Mama, tatizo si kompyuta," nikasema.

Akaendelea kutazama faili linavyokwenda. Asilimia kumi na tisa.

"Wala si wewe. Ile fomu uliyosaini, sikupima. Nilisimama mlangoni, nikaandika kutoka kichwani. Mtaa mzima nimeufanya hivyo."

Asilimia ishirini na moja. Lori likapita. Akafumba macho, vumbi likatulia, akafumbua.

"Chumbani kwangu uliandika ngapi?"

"Vinne."

"Vinne," akarudia, kama anayehakikisha amesikia neno la shahidi sawasawa. "Na nilikukaribisha ndani. Kwa nini hukuingia?"

Nilikuwa na jibu la soksi, tayari, na nilijua lingemfanya atabasamu. Mzaha ulikuwa umeshafika kwenye ncha ya ulimi. Lakini siku ile niliyosimama mlangoni kwake soksi zangu zilikuwa mpya, nyeusi, hazina hata uzi uliochomoza. Nikamwambia ukweli ulivyo: kwamba siku ya kwanza nilikuwa na soksi iliyotoboka nikaona haya, na siku niliyofika kwake sikuwa na sababu yoyote. Nilikuwa nimezoea.

Nilisikia mkasi wa kinyozi ukijaribiwa hewani. Kisha akasema kwa sauti ndogo sana, si kwangu, ni kama alikuwa anajiambia mwenyewe:

"Kumbe si mimi."

Nimepigwa maishani, na nimetaja hapo juu baadhi ya makofi, lakini sijawahi kupigwa na maneno matatu namna ile. Hakukuwa na hasira ndani yake. Kulikuwa na nafuu, na hiyo nafuu ndiyo iliyoniumbua, kwa sababu nilielewa kwamba kwa miezi miwili yule mama aliyeandika hata kikohozi cha watu alikuwa amejishuku akili.

Akanigeukia. "Mkwe, miaka thelathini nimeandika maneno ya mashahidi. Walikuwepo waongo, na niliwaandika hivyo hivyo walivyosema. Lakini mimi mwenyewe sijawahi kumwandikia mtu ambacho hakusema. Wewe umeniandikia chumba changu."

Nikasema nisamehe, mama. Akasema nishike mwavuli vizuri, jua linapiga kioo.

Tukabaki hivyo mpaka faili likaenda, saa nne kasoro dakika tano. Watu wa mtaa walipita wote, wanaoenda sokoni, wanaoenda kazini, wakaniona nimesimama kando ya ndoo namshikia mama mkwe mwavuli, na wengine wakauliza kwa mbali kama Redio leo imekuwa antena. Nikaitikia salamu tu.

Ndipo tukaingia ndani. Nikavua viatu. Sebuleni vijiti viwili, jikoni kimoja. Tulipofika kwenye ushoroba nikasimama, maana chumba cha mama mkwe mtu haingii hata akitumwa na serikali. Yeye akaichukua simu mkononi mwangu bila kuuliza, akaingia, na mimi nikabaki na fomu na kalamu, miguu kwenye saruji baridi, namsikiliza.

"Mezani, sifuri," akasema kutoka ndani. Nikaandika sifuri.

"Dirishani, sifuri."

"Mama, sehemu moja ya chumba inatosha."

"Kitandani, sifuri. Chini ya blanketi," na hapo nikasikia kweli blanketi linasogezwa, "sifuri."

Akatoka, akasoma fomu yote kuanzia juu hadi chini, akasaini. Akaitoa ile barua ya kuacha kazi kwenye mkoba, nikafikiri ataichana. Aliigeuza, nyuma ikiwa nyeupe, akaandika kwa mwandiko wake uliosimama wima: Vipimo visipimwe mlangoni. Akaikunja, akaniwekea mfukoni mwa shati.

"Umebakiwa na nyumba themanini na nne," akasema. "Na kote huko usianze na utani. Anza na hilo uliloniambia mimi, kwamba hukupima."

Hiyo ndiyo ilikuwa adhabu yangu, na alijua. Siku mbili na nusu nilipita mtaa mzima, mlango kwa mlango, na kila mlango ulifunguka ukicheka, maana watu walikuwa wamezoea. Walinisubiri niseme kitu. Nami nilikuwa nasema: nilikudanganya, sikupima, naomba niingie. Wapo waliocheka wakidhani ndio mzaha wenyewe, ikanibidi nirudie. Mwalimu mstaafu alinifanya nirudie mara tatu, ya tatu mbele ya mke wake. Kinyozi alinipeleka mpaka kitandani kwake, akaniuliza taratibu ni mara ngapi nilimwambia zima uwashe. Kuna mama mmoja alifunga mlango, nikasubiri nje nusu saa mpaka akafungua, akasaini bila kunitazama. Chumba baada ya chumba niliona nilichokuwa sijawahi kukiona katika mtaa niliozaliwa: watoto wanaosoma wakiwa wamekaa kwenye ngazi ya nje, mgonjwa aliyesogezewa kitanda karibu na mlango ili azungumze na kaka yake aliye mbali, watu waliokuwa wamehamisha maisha yao mita mbili mita tatu kufuata vijiti, kila mmoja akidhani ni simu yake.

Nyumba ya fundi cherehani sikuhitaji kuirudia. Lakini binti yake alikuwa mlangoni nilipopita, akaniangalia miguu, viatu viko mkononi kwa kuwa nilikuwa nimechoka kuvivua na kuvivaa. Nikamsubiri aseme. Hakusema. Nadhani alikuwa ameshasikia.

Ijumaa saa sita kasoro robo niliweka fomu themanini na tano mezani kwa mhandisi. Alizifunua zote. Vyumba arobaini na kimoja vilikuwa na sifuri au kijiti kimoja. Akasaini hati ya ghala, akanishukuru kwa sauti ile ile ya chini, na akanieleza kwamba jina langu halitakuwa kwenye orodha ya wapimaji wa awamu ijayo. Nikasema sawa. Ilikuwa sawa.

Wiki iliyofuata mama mkwe aliendelea kukaa juu ya ndoo, na kila asubuhi nilikwenda kumshikia mwavuli. Hatukuzungumza sana. Alhamisi mvua ilinyesha, tukatuma kazi tukiwa tumejibana wawili chini ya mwavuli mmoja, kompyuta ndani ya mfuko wa plastiki, ikafika saa nne kasoro dakika mbili. Hakuchelewa mara ya tatu.

Kisanduku chake kilipoletwa, aliniita. Fundi alikipachika kwenye dirisha la sebule, pale pale nilipofunga mfuniko wa sufuria, akaondoka. Nikavua viatu, na kama Mungu alivyopanga, zile soksi nyeusi mpya zilikuwa zimeshachoka na kutembea nyumba themanini na tano. Kidole kilitoka nje, safari hii cha mguu wa kushoto. Mama alikiona. Akanipita, akachukua simu yangu, akaingia chumbani.

Nikasimama kwenye ushoroba na karatasi mkononi. Nikasikia kiti kinavutwa, meza inaguswa.

"Ngapi, mama?"

"Subiri," akasema kutoka ndani. "Mimi nimekusubiri miezi miwili."

Nikasubiri. Saruji ilikuwa baridi, na kidole changu kilikuwa kinaipima.

"Vitatu," akasema hatimaye.

Nikaandika vitatu.